Sitara ya Usiku: Mitaa ya Starehe, Watu wa Pembeni na Lugha Yao, kutoka Pwani hadi Arusha

1.0 Utangulizi

Kila mji mkubwa una historia mbili. Ipo historia ya mchana, inayoandikwa katika kumbukumbu za mabaraza, masoko na mahakama. Na ipo historia ya usiku, ambayo aghalabu hubaki vinywani mwa watu. Mhadhara huu unahusu sehemu moja ya historia hiyo ya pili, yaani mahali ambapo wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake wamekuwa wakikutana, na jinsi mahali hapo panavyobadilika kadiri mji unavyobadilika. Eneo linalolengwa ni jiji la Arusha na viunga vyake chini ya Mlima Meru. Hata hivyo, kwa kuwa msamiati wa Kiswahili unaotumiwa huko kuzungumzia jambo hili ulipanda kutoka pwani, mjadala unaanzia Zanzibar na Mombasa ndipo uelekee bara. Mhadhara hautoi hukumu ya kidini wala ya kisheria. Unachunguza mji na lugha.

Mfano unaotajwa sana katika taaluma ya miji ni ule wa Marekani na Ulaya. Katika mji wa San Francisco, mtaa wa Castro ulikuwa makazi ya familia za wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Ireland. Familia hizo zilipohamia viungani, nyumba zikawa rahisi, na katika miaka ya 1970 wanaume wanaopenda wanaume wakanunua na kupanga humo kwa wingi. Mwaka 1977 mtaa huo ulimchagua Harvey Milk kuingia katika baraza la mji. Manuel Castells, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu miji na harakati za wananchi, aliuona mtaa kama huo kuwa ni ngome: watu waliotawanyika walipata wingi wa kura, maduka na ulinzi kwa kuishi pamoja. Baadaye ngome zikaanza kumomonyoka. Kodi za nyumba zilipanda, vijana wakaanza kutafutana kwa simu, na wengi wakaona wanaweza kuishi mtaa wowote. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha London uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kumbi za starehe za watu hao katika jiji la London zilipungua kutoka 125 mwaka 2006 hadi 53 mwaka 2017. Amin Ghaziani (2014) amejadili kwa kirefu iwapo mitaa hiyo inakufa au inahama tu.

Swali la mhadhara huu ni iwapo simulizi hiyo ya mtaa unaozaliwa, unaostawi na kufifia, inaweza kueleza miji ya Waswahili. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba haiwezi. Katika miji hiyo hapakuwa na mtaa wa pekee wa watu hao. Palikuwa na nafasi yao ndani ya usiku wa watu wote. Nafasi hiyo haikulindwa kwa wingi wa kura wala kwa kumiliki nyumba. Ililindwa na kitu ambacho Kiswahili kinakiita sitara. Kwa hiyo kinachopaswa kufuatiliwa ni safari ya sitara yenyewe: ilikuwa wapi, ilihamia wapi, na nani amebaki bila kusitiriwa.

2.0 Pwani: Nafasi bila Mtaa

Miongoni mwa maandishi ya awali ya kitaaluma kuhusu jambo hili ni makala fupi ya Oskar Baumann, iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1899. Baumann hakuwa mgeni wa nchi za kaskazini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1892 alipita Umasaini na kufika katika bonde la Ngorongoro, na baadaye akawa konseli wa Austria na Hungaria huko Zanzibar. Maelezo yake yamejaa dharau ya zama zake. Pamoja na hayo, aliandika jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza: kwamba Waswahili wa Zanzibar walikuwa na jina la wazi, mke-si-mume, la kumtaja mtu wa namna hiyo. Jambo lenye jina la wazi katika lugha ya mtaani si jambo lililofichika kwa wenyeji, hata kama lilikuwa geni kwa mwandishi.

Karibu karne moja baadaye, Gill Shepherd (1987) aliandika kuhusu Mombasa, na Deborah Amory (1998) kuhusu pwani kwa jumla, hususan Zanzibar. Hoja ya Shepherd ni kwamba katika mji wa Waswahili cheo kilikuwa na uzito kuliko jinsia. Kijana maskini aliyekuwa shoga wa tajiri alipata mlinzi na riziki. Mwanamke aliyekuwa na mwanamke mwenzake tajiri alipata nyumba na uhuru ambao ndoa isingempa. Waandishi hao wanawaonyesha mashoga katika sehemu isiyotarajiwa na anayetafuta mfano wa Castro, nayo ni harusi. Mashoga waliingia katika sherehe za wanawake, mahali ambapo wanaume wengine hawakuruhusiwa, wakapiga ala na kuimba pamoja nao.

Jambo hili lina maana kubwa. Mahali pao palikuwa ni saa na kazi ndani ya shughuli ya jamii nzima. Mwenye harusi aliwahitaji. Mgeni mwalikwa aliwatazamia. Jirani aliwajua kwa majina. Hakuna aliyelazimika kutangaza kilichotendeka nyuma ya mlango, na hakuna aliyelazimika kujifanya hajui. Hapa ndipo tofauti kati ya siri na sitara inapojitokeza. Siri ni jambo ambalo wengine hawalijui. Sitara ni pazia ambalo kila mtu anajua kuwa lipo, na ambalo adabu inamkataza kulifunua. Kitenzi kusitiri kinahitaji watu wawili: anayesitiriwa na anayesitiri. Ni tendo la jamii.

Haifai, hata hivyo, kuipamba sitara kupita kiasi. Iliambatana na unyonge. Aliyesitiriwa alikuwa mdogo kwa cheo, alitaniwa, na ulinzi wake ulitegemea hisani ya mkubwa. Zaidi ya hayo, ilitegemea kuendelea kwa shughuli zilizompa kazi, nazo hazikudumu kama zilivyokuwa. Margaret Strobel (1979) ameonyesha jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyotawala starehe za wanawake wa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini kisha vikafifia. Huko Ng'ambo ya Zanzibar, Laura Fair (2001) ameeleza jinsi muziki wa Siti binti Saad ulivyokuwa sauti ya mitaa ya watu wa chini katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa iliyoitwa rusha roho, yenye vyombo vya umeme, tiketi na kumbi za kukodi. Kila ngoma ilipohama kutoka uani kwenda ukumbini, waliokuwa na nafasi ndani yake walilazimika kuitafuta upya, safari hii mbele ya watu waliolipa kiingilio na wasiowajua.

3.0 Ushahidi wa Maneno

Mabadiliko hayo yameacha alama katika msamiati. Neno hanithi lina asili ya Kiarabu. Unni Wikan (1977) aliandika kuhusu mji wa Sohar nchini Oman, ambako neno la asili hiyo hiyo lilitaja nafasi ya mtu katika jamii, mwenye mavazi yake na ruhusa ya kuketi na wanawake. Katika Kiswahili neno hilo limeegemea upande wa kasoro, hata likamtaja mwanamume asiye na nguvu za kiume. Asili ni moja, lakini upande mmoja wa bahari neno limetaja nafasi na upande wa pili limetaja upungufu.

Neno basha hunasibishwa na cheo cha Kituruki cha pasha. Yaani lilianza na ukubwa. Neno msagaji limetokana na kitenzi kusaga, na ni jina linalotaja tendo. Neno shoga ndilo lenye safari ya kuvutia zaidi. Kwa wanawake wa pwani na wa miji mingi ya Tanzania, shoga ni rafiki wa kike wa karibu, na mwanamke humwita mwenzake shoga yangu bila fumbo lolote. Mwanamume aliyeitwa shoga aliitwa hivyo kwa neno la urafiki wa wanawake. Jina lilimweka mahali alipoketi. Leo maana hizo mbili zinaishi katika neno moja, lakini umbo la wingi, mashoga, likichapwa katika gazeti, msomaji hafikirii tena marafiki wawili wa kike. Katika mazungumzo ya vijana wa mijini, neno shosti sasa limechukua sehemu ya kazi ya zamani ya shoga. Haiwezi kudaiwa kuwa mzigo wa neno la zamani ndio sababu pekee, maana vijana hupenda maneno mapya. Lakini msemaji wa kike anapata humo neno la urafiki lisilo na shaka.

Kundi jingine la maneno lilitoka katika dini, sheria na mikutano. Kitenzi kulawiti kimetokana na jina la Nabii Lut. Katika habari za mahakama nchini Tanzania kitenzi hiki hutumika sana kwa makosa ya kuwadhulumu watoto, na papo hapo hutumika kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Lugha inapokuwa na kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili, mtoto aliyedhulumiwa hupoteza uzito wa dhuluma aliyotendewa, na watu wazima hubebeshwa tuhuma ya dhuluma ambayo hawakuitenda. Kwa upande mwingine, fungu la maneno mapenzi ya jinsia moja limefasiriwa kutoka lugha za Ulaya na kuenezwa na magazeti, wanasheria na wahudumu wa afya. Tofauti yake na maneno ya zamani si ya adabu tu. Maneno ya zamani yalitaja nafasi: nani anacheza wapi, nani anamlinda nani. Fungu jipya linataja aina ya watu, popote walipo na saa yoyote. Aina ya watu inaweza kutetewa, na pia inaweza kusakwa. Nafasi katika harusi haikuweza kutendewa lolote kati ya hayo mawili.

Aidha, watu wenyewe wamejitungia majina. Lililo mashuhuri ni kuchu, linalotumika Uganda na kuvuka mipaka yake. Jina la namna hiyo ni la ndani: hutambulisha anayelijua na kumwacha nje asiyelijua. Kuenea kwake ni dalili kwamba pazia la jamii halitoshi tena, na kwamba wenyewe wameanza kujifumia pazia lao.

4.0 Arusha: Mji wa Wageni

Arusha haikuwa mji wa kale wa mawe wenye mabaraza na koo za waungwana. Ilikua kandokando ya boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini, jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Askari, wafanyabiashara, wapagazi na mafundi waliosema Kiswahili walikaa kati ya Waarusha wanaosema Kimaa na Wameru wenye lugha yao ya Kibantu. Kama miji mingine ya kikoloni, ikagawanywa: uzunguni, uhindini na uswahilini. Majina ya mitaa yanaonyesha mchanganyiko huo. Ngarenaro ni jina la Kimaa lenye maana ya maji meusi. Kaloleni ni jina linalopatikana pia Nairobi na katika nchi ya Wagiriama. Unga Limited inabeba jina la kampuni ya kusaga nafaka. Majengo na Daraja Mbili ni Kiswahili cha mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Usiku wa mji huo nao ulikuwa na ngazi. Kwa Waafrika kulikuwa na vilabu vya pombe za kienyeji vilivyopewa leseni. Kwa wengine hoteli na klabu zao. Baadaye zikaja baa, sinema kama Metropole, disko, na duka dogo la vinywaji ambalo Watanzania huliita grosari. Kaloleni kulikuwa na ukumbi wa ustawi wa jamii, na ni humo ambamo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967 kabla ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Azimio.

Usiku wa Arusha umepanda na kushuka kwa fedha za wageni. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliwekwa hapo mwaka 1967. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 na watumishi wakatawanyika. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yakafungua milango ya biashara binafsi. Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, ikawaleta mjini wachimbaji wadogo waitwao wanaapolo, ambao matumizi yao ya usiku mmoja yakawa hadithi. Mwaka 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mkataba mpya wa Jumuiya ukatiwa saini mwaka 1999, na watalii wa mbuga na milima wakaongezeka. Makazi yakapanda kuelekea Meru na kusambaa Njiro, Sakina na Kijenge, palipokuwa na mashamba ya kahawa na migomba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 416,000 katika jiji. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 617,000.

Kitabu cha Brad Weiss (2009) kuhusu vijana wa Arusha na maduka ya vinyozi kinatoa picha nzuri ya starehe za mji huo katika miaka ya kuamkia karne mpya. Kinyozi ni mahali pa kunyolewa, kutazamana kwenye kioo, kusikiliza muziki na kubishana. Pamoja na kijiwe, yaani pembe ya mtaa ambapo vijana hukaa na kuzungumza, ni mahali pa wanaume. Urafiki wa kimwili wa wanaume huonekana hadharani: kuegemeana, kushikana mikono, kukaa kiti kimoja. Hakuna anayeuliza. Lakini kijiwe si baraza la pwani. Chalii wa kijiweni hutathminiwa kila siku kwa uanaume wake, fedha zake na maneno yake. Utani unaogusa jambo hili huwa ni silaha.

Hapa ndipo Arusha inapotofautiana na Mombasa ya Shepherd. Mji wa wageni hautoi sitara, unatoa kutojulikana. Mtu anayetoka kijijini mlimani, ambako ukoo una neno katika ndoa na shamba lake, hupata nafuu katika baa ya mtaa ambako hakuna anayemjua baba yake. Nafuu hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo iliyowavuta watu wa namna zote mijini duniani kote. Lakini ina upungufu wake. Mtu aliyesitiriwa ana jirani. Mtu asiyejulikana hana. Mgeni akiugua, akifukuzwa na mwenye nyumba au akikamatwa, waliomzunguka usiku hawana wajibu naye asubuhi. Kwa hiyo Arusha haijawahi kuwa na mtaa unaotambuliwa hadharani kwa jina la watu hawa, na pia haikurithi nafasi ya harusini iliyokuwapo pwani.

5.0 Dola na Usiku

Usiku wa mji haubadilishwi na fedha peke yake. Dola nayo ina mkono wake. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, iliyoletwa na Waingereza, ilikifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Lakini kwa muda mrefu mkono wa dola ulionekana zaidi katika mavazi, vileo na uzururaji. Mwaka 1968 viongozi wa mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi yao ya asili, hata wakazuiwa kupanda mabasi na kuingia mjini wakiwa wamevaa lubega. Mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ikawalenga waliohesabiwa kuwa wazururaji.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyowataja wanaume wanaopenda wanaume. Hata hivyo zote ziliweka kanuni moja: kwamba mtu anaweza kuondolewa barabarani kwa jinsi anavyoonekana. Kwa mtu wa pembeni, ambaye vazi na mwendo ndiyo lugha yake, kanuni hiyo ina uzito kuliko kifungu cha sheria. Aidha, mfumo wa balozi wa nyumba kumi uliujua usiku wa mtaa: nani amelala kwa nani, mgeni gani amefika. Balozi mwenye busara alikuwa msitiri. Asiye na busara alikuwa mpelelezi. Ofisi ilikuwa ile ile.

Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu), iliyotungwa hasa ili kuwalinda wanawake na watoto, ilipandisha adhabu ya kosa hili Tanzania Bara hadi kifungo kisichopungua miaka 30, na hata cha maisha. Ukimwi ulikuwa umekwisha kuleta aina mpya ya mahali: kituo cha afya chenye wahudumu waliofunzwa kutouliza maswali ya aibu. Kwa baadhi ya watu kituo hicho kilichukua kazi ya uani, maana kilikuwa mahali pa kujulikana bila kufunuliwa. Februari 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo binafsi 40 kutoa huduma hizo za ukimwi. Mwishoni mwa 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza msako. Serikali ikaeleza kuwa hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Hata hivyo, tangazo la siku chache lilitosha kuwafungia watu ndani. Mahali panapojengwa kwa miaka mingi ya kuaminiana hupotea kwa wiki moja.

6.0 Baa, Mahakama na Simu

Kampala imejaribu njia ya tatu, iliyo karibu na ile ya Castro. Mwaka 2010 mwanaharakati Kasha Nabagesera alifungua baa iliyoitwa Sappho Islands, ambayo haikudumu. Ilifungwa mwaka uliofuata. Oktoba 2010 gazeti moja la mji huo lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga. David Kato, mmoja wa waliolishtaki gazeti hilo na kushinda, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011. Novemba 2019 polisi walivamia Ram Bar katikati ya mji na kuwakamata watu zaidi ya 100. Kampala inaonyesha kuwa mahali penye jina na anuani hupata nguvu ya kukusanya watu, na kwa jina na anuani hiyo hiyo hufikika kwa urahisi na asiyewatakia mema.

Suala hilo la Uganda lilifika Arusha, ila lilifika mchana. Sheria ya Uganda ya kupinga ushoga, iliyotiwa saini Februari 2014, ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo tarehe 1 Agosti 2014. Shirika moja la haki za binadamu la Kampala lilikuwa limefungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Tarehe 27 Septemba 2016 mahakama hiyo iliamua kuwa hapakuwa tena na jambo la kuamuliwa, kwa vile sheria ilikwisha kubatilishwa. Mwaka 2023 Uganda ikatunga sheria nyingine iliyo kali zaidi.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuitazama siku ile ya Septemba kwa jicho la lugha. Ndani ya mahakama, mawakili waliweza kulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa istilahi zisizo matusi, kwa sababu walitumia Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Nje ya ukumbi, sokoni na kijiweni, jambo hilo hilo lilikuwa na Kiswahili cha matusi, cha utani au cha kimya. Lugha iliyokuwa na msamiati mpana wa nafasi katika Zanzibar ya karne ya kumi na tisa haikuwa na msamiati wa mabishano ya heshima katika Arusha ya 2016. Mtu asiyejua Kiingereza hakuwa na maneno ya kumweleza mama yake hali yake.

Wakati huo huo mahali pengine pamefunguka mkononi mwa kila mtu. Tangu programu za simu za kutafutana zilipoenea duniani baada ya mwaka 2009, mtu aliye Usa River au Ngaramtoni hahitaji tena kushuka mjini ili ajue kuwa hayuko peke yake. Huko London simu imechangia kufunga kumbi. Mahali ambapo hapakuwa na ukumbi, simu imekuwa ndiyo ukumbi wenyewe. Lakini simu haina msitiri. Uani, mgeni mbaya alionekana na wenyeji akiingia. Katika simu, anayejiita rafiki anaweza kuwa mtapeli au mtego, na maandishi hubaki yakawa ushahidi. Mtu anaweza kuwa na watu mia moja wa kuzungumza nao usiku, na asiwe na hata mmoja wa kumpeleka hospitali.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kuwa historia ya usiku wa watu hawa katika miji ya Waswahili si historia ya mtaa uliostawi na kufifia. Ni historia ya sitara iliyohama: kutoka harusini hadi ukumbini, kutoka kwa jirani hadi kwa mtu asiyejulikana, kutoka kituo cha afya hadi kwenye simu. Katika kila hatua watu wamepata uhuru kidogo na kupoteza mtu wa kuwajibika nao. Arusha, mji wa wageni, inaonyesha hasara hiyo kwa uwazi zaidi kuliko pwani, kwa sababu huko sitara ya zamani haikuwahi kuota mizizi.

Mambo mawili yanafuata kwa wanataaluma wa Kiswahili. Kwanza, kamusi. Mtunzi wa kamusi anapoandika maana ya shoga, hanithi au kulawiti, anapaswa kubainisha maana ipi ni ya zamani, ipi ni ya matusi, ipi ni ya kisheria, na nani humwambia nani. Kamusi inayoandika tusi bila kulitaja kuwa ni tusi hulifanya kuwa maelezo. Vilevile, kitenzi cha kutaja dhuluma dhidi ya mtoto kinastahili kutenganishwa na cha kutaja mapatano ya watu wazima, kwa faida ya pande zote mbili.

Pili, ramani. Katika taaluma ya miji ni kawaida kuchora ramani ya baa na mitaa na kuhesabu zilizofungwa, kama ilivyofanyika London. Arusha, kwa sheria ilivyo, ramani kama hiyo inaweza kugeuka hati ya mashtaka. Ndiyo sababu hapa hayakutajwa majina ya baa za jiji hilo wala pembe za barabara. Mtafiti anayekwenda uwanjani hukaribishwa ndani ya pazia kama mgeni wa harusi alivyokaribishwa uani, na akitoka nje anabeba wajibu ule ule wa mgeni. Anaweza kuandika nyimbo zilivyoimbwa, maneno yalivyotumika na jinsi watu walivyotunzana, bila kuitaja nyumba.